Sumu ya Nyoka: Ilitoka Wapi na Hufanya Nini Mwilini? Maswali na Majibu

Sumu ya nyoka imeundwa na nini?

Ukiondoa maji, sehemu yake kubwa ni protini za aina nyingi zilizochanganyika pamoja. Baadhi ni vimeng'enya vinavyokatakata tishu. Nyingine hazikati chochote, bali hujipachika kwenye vipokezi vya seli na kuvizuia visifanye kazi.

Nyoka aliipataje?

Kwa kugeuza matumizi ya vitu ambavyo mwili tayari ulikuwa navyo. Tezi ya sumu ni tezi ya mdomoni iliyobadilika, na protini zake nyingi zina jamaa zisizo na madhara katika miili ya viumbe wengine, sisi tukiwemo: fosfolipesi A2, ambayo katika sumu huharibu misuli na neva, ni ya ukoo mmoja na kimeng'enya ambacho kongosho la binadamu hukitoa ili kusaga mafuta ya chakula. Hutokea jeni ikanakiliwa mara mbili wakati wa kurithishwa. Nakala moja huendelea na kazi ya zamani, na ile ya ziada huwa huru kubadilika kizazi baada ya kizazi, na mabadiliko yanayomwezesha mnyama kulemaza windo au kumfukuza adui ndiyo yanayodumu. Mfano unaoshangaza zaidi, kwa maoni yangu, ni wa swila watemao mate, yaani wanaorusha sumu machoni mwa adui, kwa kuwa uwezo huo ulizuka mara tatu katika koo tofauti, na katika kila ukoo fosfolipesi A2 ilikuja kushirikiana na sumu nyingine kuzidisha maumivu ya macho ya adui.

Kwa nini dalili hutofautiana kati ya nyoka na nyoka?

Sumu ya swila wengi na ya koboko hushambulia mahali neva inapokutana na msuli. Kwa kawaida neva humwaga asetilikolini, kemikali inayopeleka amri, nayo hushika kipokezi cha msuli na kuufanya ujikaze. Sumu ikikikalia kipokezi hicho, amri haifiki. Kope hulegea kwanza, kisha kumeza kunakuwa kugumu, na hatimaye misuli ya kupumua husimama huku mgonjwa akiwa bado na fahamu.

Kifutu na jamaa zake hutumia zaidi vimeng'enya vinavyobomoa kuta za mishipa midogo ya damu, na ndiyo sababu mguu huvimba, hutoka malengelenge na nyama huoza. Baadhi ya jamaa hao huchochea damu igande ovyo ndani ya mishipa mpaka fibrinojeni, protini inayotengeneza bonge la damu, inakwisha. Kipimo chake ni rahisi: mililita 2 za damu huwekwa katika chupa safi na kavu ya kioo, huachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha chupa huinamishwa. Damu ikitiririka kama maji, uwezo wa kuganda umekwisha.

Kwa nini dawa ya sumu lazima iwahi, na iwe ya nyoka husika?

Dawa hiyo ni kingamwili zilizovunwa kutoka kwa wanyama, mara nyingi farasi, waliodungwa sumu kidogokidogo. Kingamwili hukamata umbo la protini inayoitambua, kwa hiyo iliyotengenezwa dhidi ya sumu ya kifutu pekee haitamfaa aliyeumwa na koboko. Tena hukamata sumu tu. Haifufui nyama iliyokwisha kufa.

Je, kufunga kamba, kuchanja au kunyonya jeraha kunasaidia?

Hapana. Kamba iliyokazwa huzuia damu kufika kwenye kiungo ambacho tayari kinaharibiwa, na kumchanja mtu ambaye damu yake haigandi ni kumwongezea hatari. Mvueni pete na viatu kabla ya uvimbe, mlazeni atulie, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, kisha apelekwe hospitali haraka. Akitapika au kusinzia, alazwe ubavu.

Ninatumia kaptoprili ya shinikizo la damu. Je, ninameza sumu ya nyoka?

La. Mwaka 1965 mtafiti Sérgio Ferreira wa Brazili alieleza viambata katika sumu ya nyoka aitwaye jararaca vinavyoongeza nguvu ya bradikinini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa. Kutokana na ujuzi huo wanakemia walibuni kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Hutengenezwa kiwandani na haina sumu ndani yake, hivyo usiiache bila kuzungumza na daktari wako.