Unataka kulinda Ikulu ya Marekani? Anza na umri wako, bunduki baadaye

Swali ninaloulizwa sana na vijana wetu wa huku Maryland na Virginia ni kuhusu wale askari wa serikali kuu wenye sare, unaowaona nje ya Ikulu na shati jeupe na beji kifuani, na karibu wote wanaanza na mshahara halafu wanarukia silaha. Mimi kabla sijaanza kushauri watu mambo ya ajira za serikali nilikua mchunguzi wa historia za waombaji, yani yule mtu anayekuja kumgongea jirani yako kumuuliza unaishije, unakunywaje, nani anakudai. Kwahiyo msishangae nikikaa sana kwenye makaratasi na kupita mbio kwenye pushapu.

Kwanza tuelewane ni sare ipi. Ukienda ofisi ya Social Security, ile ya mafao ya serikali kuu, unakuta mlangoni mtu ana bastola anakupitisha kwenye mashine, na wengi wetu tunaamini huyo ndo askari wa serikali kuu. Mara nyingi siye. Ameajiriwa na kampuni binafsi yenye kandarasi na Federal Protective Service (FPS), idara inayolinda majengo ya serikali kuu, na hao FPS wenyewe, ambao wapo tangu 1971 na tangu 2003 wako chini ya wizara ya usalama wa ndani, wana maafisa wao wachache tu ukilinganisha na majengo karibu 9,000 wanayosimamia nchi nzima. Kazi ya kandarasi si mbaya, heri hiyo kuliko kubeba maboksi usiku kucha, ila pensheni ya serikali huna na kandarasi ikihamia kampuni nyingine roho juu. Usikae pale miaka ukidhani unapanda ngazi za ndani. Ukitaka kuingia serikalini utaomba upya kama mtu wa nje.

Sare ninayoizungumzia leo ni ya Secret Service, idara inayomlinda rais. Watu wanaijua ile ya suti na miwani ya jua, hawajui kwamba kuna kitengo kizima cha askari wa sare kilichoanza 1922 enzi za Rais Harding kama polisi wa Ikulu tu, kikawekwa chini ya Secret Service 1930, na 1970 kikaongezewa kulinda balozi. Leo wanalinda Ikulu, jengo la Hazina la pembeni yake, nyumba ya makamu wa rais, na balozi za nje zilizopo Washington, maana yake hata ya Kenya pale R Street na ya Tanzania pale 22nd Street zimo. Wale wadunguaji wanaolala juu ya mapaa rais akihutubia nao ni wa kitengo hiki. Kule Butler, Pennsylvania, tarehe 13 Julai 2024, aliyemmaliza mshambuliaji aliyemfyatulia Trump risasi alikua mdunguaji wa sare, sio wa suti. Mbwa wa kunusa mabomu, hao hao.

Haya, hesabu. Lazima uwe raia wa Marekani, grini kadi haitoshi. Uwe umefika miaka 21 na hujafikisha 37, waliopita jeshini wenye sifa wanasogezewa mpaka 40. Hiyo 37 haikutoka hewani: pensheni ya askari wa serikali kuu inataka miaka 20 ya kazi, na ukifika 57 unastaafishwa upende usipende, kwahiyo wanakata pale unapoweza bado kutimiza 20. Sasa mtu aliyeshinda bahati nasibu ya grini kadi akaingia na miaka 31, anasubiri 5 ndo aombe uraia (fomu unaruhusiwa kuituma siku 90 kabla), hapo ana 36 tayari, asubiri kiapo, halafu mchakato wa ajira wenyewe unakula miezi na miezi. Mlango umefungwa akiwa bado anasubiri barua. Aliyeoa au kuolewa na raia anaweza kuomba baada ya miaka 3, na aliyeingia jeshini na grini kadi uraia wake huja mapema zaidi, hizo ndo njia mbili nilizoona zikiwaokoa watu wa umri huo.

Na wanaume, hili mnalisahau kila siku: ukiingia Marekani kama mkazi kabla hujafikisha 26 unatakiwa ujiandikishe Selective Service, yani daftari la wanaume wanaoweza kuitwa jeshini. Usipojiandikisha makusudi kazi zote za serikali kuu zinakupita, sio hii tu. Kuna watu wanagundua hili wakiwa na miaka 30 na hakuna tena pa kujiandikisha, inabidi wajieleze kwa maandishi.

Sasa faili. Fomu ya kuchunguza historia yako inaitwa SF-86 na ndo inayowaangusha watu wetu, kuliko mbio, kuliko shabaha. Inataka kila mahali ulipolala kwa miaka 10 nyuma, pamoja na ile miezi uliyojibanza sebuleni kwa binamu yako Silver Spring jina lako likiwa halipo kwenye mkataba wa nyumba, na inataka jina la mtu atakayesema ndiyo alikua hapa. Inataka wazazi, ndugu wote, wakiwemo wa baba mmoja mama mwingine hata kama hamjasalimiana tangu msiba wa mzee. Tarehe ya kuzaliwa ya baba kwenye pasipoti ni ya kwanza Julai na kwenye kitambulisho ni ya kwanza Januari? Andika moja halafu eleza nyingine kwenye nafasi ya maelezo, wachunguzi wameshaona hizo elfu. Kinachowashtua ni mtu ambaye kila kitu kimenyooka.

Halafu hela. Fomu inauliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Nilikaa na kijana mmoja amejaza hapana. Nikamuuliza mama yake kule nyumbani anaishije, akasema namtumia kila mwisho wa mwezi, nikamuuliza sasa mbona umeandika hapana, akanitazama kama mimi ndo sielewi, akanijibu kwa Kiswahili kabisa: "Kaka, ule sio msaada, yule ni mama yangu." Namwelewa mpaka mwisho, ila kwa fomu ile ni msaada, na miamala yote ipo kwenye simu na benki. Kumtumia mama hela hakujawahi kuwa kosa. Kuandika hapana chini ya sahihi yako ndo kosa, na mchunguzi hawezi kukufutia, anaandika alichokikuta.

Kiwanja cha Kigamboni chenye jina lako, kiandike. Kenya wanaruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010 kwahiyo kama bado una pasipoti yao iandike, peke yake haikuangushi. Wabongo, ile pasipoti ya zamani iliyojificha kwenye sanduku, iandike pia. Madeni ya kadi uwe unayalipa, hata kidogo kidogo. Bangi hapa Maryland ni ruksa kwa watu wazima tangu 1 Julai 2023 lakini kwa serikali kuu bado ni marufuku, na mashine ya kupima uongo utakalishwa nayo, kwahiyo acha sasa hivi.

Mazoezi ni kwenye kituo cha mafunzo cha serikali kuu Glynco kule Georgia karibu miezi mitatu, kisha mengine karibu hivyo hivyo kwenye chuo chao hapa Maryland. Mbio, pushapu, sheria, shabaha. Ukijiandaa unapita.

Kazi yenyewe ni kusimama. Yani kusimama kweli, Januari, barafu, nje ya ubalozi ambao hakuna anayeutakia mabaya, saa nyingi, na hutakiwi kuchoka kutazama. Shifti zinageuka, mwaka wa kampeni ofu zinafutwa, Septemba mkutano wa UN pale New York unawameza watu. Mwenye mke au mume amweleweshe kabla. Na siku moja kati ya elfu ndo inayokuhukumu: Septemba 2014 mtu mmoja aliruka uzio wa Ikulu akaingia mpaka ndani, na tarehe 1 Oktoba mkurugenzi mzima akajiuzulu. Upande wa pili yupo Leslie Coffelt, askari wa kitengo hiki, tarehe 1 Novemba 1950, alikua kwenye kibanda chake nje ya Blair House, nyumba ya wageni wa serikali mkabala na Ikulu, Rais Truman akiwa amelala juu. Watu wawili wakaja kumuua rais. Coffelt alipigwa risasi tatu kwa karibu, akajikongoja, akalenga, akampiga mmoja kichwani hapo hapo, na yeye akafariki saa chache baadaye.

Wa nyumbani watakucheka. Umesoma mpaka digrii, umevuka bahari, ukalinde geti? Waache. Afya ya familia ina bima, pensheni inasomeka, na ukistaafu na 50 na kitu bado una nguvu. Ila ningemwambia mtu mwenye haraka asiende, na mtu anayetaka kuonekana pia asiende, hao wataacha mwaka wa pili na faili lao litabaki na doa la kuacha.

Kama umri wako unaruhusu, digrii hailazimiki, cheti cha Form Four au KCSE ya Kenya kinatosha ila lazima kipelekwe kikatathminiwe na taasisi ya huku. Kwahiyo kile cheti kilichobaki kwenye kabati la shangazi Morogoro kianze safari leo, matangazo ya USAJOBS, tovuti ya ajira za serikali kuu, mengine hufungwa kabla shangazi hajapata muda wa kwenda posta.