Mgeni akipata kazi, si lazima mwenyeji akose

Kariakoo utasikia kwamba kila kazi anayoshika mgeni, Mtanzania mmoja ameikosa. Kana kwamba ajira ni viti vya daladala (na daladala yenyewe huwa haijai!). Mgeni akifungua kiwanda Chang'ombe anahitaji fundi, dereva na mlinzi. Hao nao watakula kwa mama lishe na kupanda bodaboda. Kazi huzaa kazi.

Kwenye biashara ndogo, kweli, ushindani unauma. Ndiyo maana Julai 2025 serikali iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo ufundi wa kurekebisha simu. Lakini kwa ajira za kitaalamu, sheria ya 2015 ya ajira za wasio raia inamtaka mwajiri awe na mpango wa kuwarithisha Watanzania ujuzi wa mgeni. Tuulizie utekelezaji wake.