Kwa nini TV ya chogo inalia "tiiii" hata ukiiweka mute?

Mtoto anaziba masikio anasema TV inapiga kelele, baba anasema hakuna kitu, anaitwa fundi naye anatega sikio weee halafu anasema labda ni spika. Sio spika. Na mtoto hadanganyi. Hii ya kusingizia spika imeenea sana, watu wamebadilisha spika nzima na kelele ikabaki palepale, wengine wakahamia kwenye antena, wengine king'amuzi, wakati jibu liko wazi tu: shusha sauti mpaka sifuri, chomoa antena, kama bado inalia basi spika haihusiki kabisa. Na fundi wa miaka hamsini hata akae hapo mpaka jioni huenda asisikie chochote, maana sikio likizeeka linaanza kupoteza sauti nyembamba za juu. Mtoto anaweza kusikia mpaka mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, mtu mzima wengi wanaishia chini ya hapo, japo inategemea na mtu.

Sasa inatoka wapi? TV ya chogo inachora picha kwa mwale wa elektroni (chembe ndogo za umeme), mstari kwa mstari. Chukulia mtu anafagia uwanja, anafagia taratibu kutoka kushoto mpaka kulia, akifika mwisho hafagii kurudi, anakimbia mbio mpaka kushoto ndo aanze mstari mwingine. Hako ka-kukimbia ndo kwenye kelele. Kila mwale unaporudishwa, umeme unakatwa ghafla kwenye koili (waya uliozungushwa) ya flaibaki (ile ile inayotengeneza volti zaidi ya 20,000 za kioo), sumaku inashtuka, na kile kiini chake cheusi pamoja na nyaya zinatikisika kidogo sana. PAL, mfumo wa picha wa TV za chogo za kwetu, una mistari 625 kwa kila picha, picha 25 kwa sekunde, zidisha upate mitetemo 15,625 kwa sekunde. Basi ndo sauti yenyewe hiyo! Za Marekani zilikuwa 15,734, juu kidogo. Zile chogo za baadaye za 100Hz (skrini inachorwa mara 100 kwa sekunde) zilichora mara mbili zaidi, 31,250, zinalia vilevile ila hakuna binadamu wa kuzisikia.

Kingine cha ajabu, wimbi la sauti hiyo lina urefu wa sentimita 2 na kitu tu, kwa hiyo ukisogeza kichwa kidogo kelele inapungua au inazidi. Ndo maana kusogeza TV, au kuweka pazia zito na makochi, kunasaidia, sauti nyembamba hivi inamezwa na kitambaa kirahisi.

Ikizidi ghafla, mara nyingi flaibaki imelegea, fundi anaibana kwa vanishi au gundi. Usifungue mwenyewe, kioo kinabaki na chaji hata ukichomoa kwenye soketi.

Flati skrini haina flaibaki, ila nayo inaweza kulia, hapo ni koili za pawa saplai au taa za nyuma ya kioo. Pandisha na ushushe mwanga wa skrini, kelele ikibadilika jua inatokea huko. Kama waranti ipo irudishe dukani, kama imeisha acha mwanga pale inaponyamaza, mara nyingi ni karibu na mwisho wa juu.