Kokoto Chini ya Chungu Haziondoi Maji
Wengi wanaoanza bustani ya mboga nyumbani hutandaza kokoto chini ya chungu kabla ya kujaza udongo, wakiamini kwamba maji yatatoka upesi na mizizi haitaoza. Imani hiyo si sahihi. Maji hushikiliwa kwa nguvu katika matundu madogo ya udongo, wala hayashuki kwa urahisi kuingia katika nafasi kubwa zilizo kati ya kokoto mpaka udongo ulio juu yake ulowe kabisa. Kwa hiyo tabaka lenye maji mengi, ambalo lingekaa kitakoni, husogea juu na kuikaribia mizizi. Mche wa nyanya, unaohitaji udongo wenye kina, hunyimwa nafasi bure. Afadhali kutoboa matundu ya kutosha kitakoni na kutumia udongo mwepesi wenye mboji iliyoiva.