init.d ni folda tu: nani anaisoma?

"Tupia skripti kwenye init.d, washa upya, simu itapaa." Ushauri huu bado wanapewa watu wenye simu za Android 12 na 13, na anayeufuata hurudi na malalamiko yaleyale: ameweka, amewasha upya, hakuna kilichobadilika. Hapo huambiwa simu yake "haina init.d", akapewa programu ya "kuwezesha init.d", mzunguko ukaanza tena. Nimechoka kuusikia, kwa hiyo acha tulinyooshe jambo lenyewe.

Maana yake ni fupi. init.d ni folda ya skripti ambazo mfumo huziendesha unapowaka, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa majina yake. Skripti ni faili la maandishi lenye amri za sheli, programu inayosoma amri zilizoandikwa na kuzitekeleza. Zile zinazosifiwa kwa kuongeza kasi kwenye simu iliyorutiwa, yaani iliyofunguliwa mamlaka yote ya mfumo, karibu zote hufanya kazi moja: kuandika namba ndani ya mafaili yaliyo chini ya /proc/sys na /sys, mahali ambapo kerneli, kiini cha mfumo, huweka wazi vigezo vyake. Namba hizo hukaa kwenye RAM. Simu ikizimwa zinapotea, ndiyo maana lazima ziandikwe upya kila inapowaka. Skripti ya buti, basi, haiiharakishi simu kuwaka. Inaendeshwa wakati wa kuwaka, na ikiandikwa vibaya huchelewesha.

Sasa asili yake, kwa sababu huko ndiko mkanganyiko ulikoanzia.

Jina lilitoka kwenye UNIX System V, familia ya mifumo ambayo AT&T ilianza kuitoa mwaka 1983. Mchakato wa kwanza ambao kerneli huuanzisha, wenye namba 1, huitwa init. Skripti za kuwasha na kuzima huduma zilikaa katika /etc/init.d, ile .d ikiwa alama ya kuonyesha kwamba hii ni folda. Lakini hata kule kwao init haikuwa ikiisoma init.d. Ilisoma faili moja linaloitwa /etc/inittab, ambalo liliita skripti iitwayo rc, ambayo nayo ilipitia folda kama rc2.d au rc3.d, zenye viungo vinavyoelekea init.d. Viungo hivyo vilianza na S kwa kuanzisha au K kwa kuua, kisha tarakimu mbili za kupanga foleni: S20 kabla ya S90. Na rc yenyewe ni ya zamani zaidi: ni mabaki ya "runcom", jina la mafaili ya orodha za amri katika CTSS, mfumo wa kompyuta wa MIT wa miaka ya 1960. Debian, Red Hat na ndugu zao wa Linux waliirithi mashine hiyo yote, hadi init ya kisasa iitwayo systemd ilipokuja kuchukua nafasi yake.

Sikisemi hiki kwa kupenda historia. Tangu mwanzo init.d ilikuwa folda inayosomwa na mtu mwingine. Folda haijiendeshi.

Android hutumia kerneli ya Linux, lakini init yake iliandikwa upya na haina undugu na ile ya System V. Inasoma mafaili yenye kiambishi .rc, kuanzia init.rc, kisha yaliyomo katika /system/etc/init na /vendor/etc/init. Jina rc limebaki, lugha imebadilika. Humo hakuna amri za sheli, kuna matukio na huduma: tukio la "post-fs-data" likifika fanya hili, tukio la "boot" likifika fanya lile. Ukilifungua init.rc utakuta mistari kama `write /proc/sys/vm/overcommit_memory 1`. Maana yake mtengenezaji wa simu tayari anaandika vigezo vilevile ambavyo skripti yako inataka kuviandika, na kwa njia yake halali. Folda ya init.d haimo popote katika Android ya Google, na haijawahi kuwamo.

Watu wakaitoa wapi? Kwa CyanogenMod. Watengenezaji wa romu ile, yaani Android iliyorekebishwa ya kupakia badala ya ile ya kiwandani, waliongeza kiskripti kinachoitwa sysinit, kilichoanzishwa na faili lao la .rc, nacho kikaita amri ya run-parts juu ya /system/etc/init.d. run-parts hupitia folda kwa mpangilio wa majina, na ndiyo asili ya majina kama 00banner, 90userinit na lile 99 ambalo kila mwandishi wa skripti za kasi alilipenda ili ya kwake iwe ya mwisho. Watengenezaji wengine wa romu na kerneli wakaiga. CyanogenMod ilifungwa Desemba 2016, LineageOS ikaendeleza kazi, ila kufikia hapo kizazi kizima cha watu walioruti simu kilikuwa kimeamini kwamba init.d ni kiungo cha Android. Ilikuwa hisani ya watengeneza romu.

Kwenye simu yenye mfumo wa kiwandani, folda ya init.d uliyoiunda mwenyewe ni kama sanduku la maoni ukutani mwa ofisi ambayo hakuna mwenye ufunguo wake. Unaweza kuweka barua hata mia.

Tena siku hizi hata kuliunda ni taabu. Simu nyingi zilizotoka na Android 10 na kuendelea zina patisheni (vipande vya hifadhi) za kubadilika ukubwa, na /system hupakiwa kwa namna ambayo haikubali kuandikwa, hata ukiwa na ruti. Programu za "kuwezesha init.d" zilizobaki hazikuwezeshei kitu ndani ya mfumo: husubiri Android iwake, zikapokea taarifa kwamba imewaka, kisha zikaendesha skripti zako kama ambavyo ungeziendesha kwa mkono kwenye teminali. Si dhambi. Lakini hiyo si init.d, na wakati wake ni tofauti kabisa.

Neno wakati ndilo linalonitoa jasho. Magisk, programu ya kuruti simu iliyoandikwa na John Wu na kutoka mwaka 2016, ina folda mbili chini ya /data/adb: post-fs-data.d na service.d. Nimesikia zikiitwa "init.d mbili za Magisk, weka popote." Hapana. Kilicho ndani ya post-fs-data.d huendeshwa mapema sana, kabla Zygote, mchakato unaozaa programu zote za Android, haijaanza, na mfumo mzima husimama ukiisubiri skripti imalize au muda wake uishe. Ukiweka `sleep 30` humo, umeiongezea nembo ya mtengenezaji sekunde 30 za kukaa kwenye skrini. Ukitumia `setprop` humo, kuwaka kunakwama kabisa, na maelekezo ya Magisk yenyewe yanasema utumie `resetprop -n`. Kilicho ndani ya service.d huendeshwa baadaye, sambamba na mambo mengine, hakimzuii mtu. Skripti ya kubadilisha vigezo vya kerneli mahali pake ni service.d. Sijaona ya kasi iliyokuwa na sababu ya kweli ya kukaa kule kwingine.

Hata ikikaa service.d, bado kuna swali la nani anaandika baada yako. Simu nyingi zenye chipu za Qualcomm zina skripti ya mtengenezaji, /vendor/bin/init.qcom.post_boot.sh, ambayo huamka pale sifa ya sys.boot_completed inapokuwa 1. Hupanga gavana wa prosesa (kanuni inayoamua prosesa iende kasi gani), masafa ya chini, mambo ya kumbukumbu. Yako ilishaandika namba zake kitambo, logi inasema kila kitu sawa, kisha hii inakuja na kufuta juu. Mwenye simu anaapa kwamba skripti "imekimbia". Ni kweli imekimbia! Lakini kuendeshwa ni jambo moja, thamani kubaki ni lingine. Anza skripti kwa kusubiri:

`until [ "$(getprop sys.boot_completed)" = "1" ]; do sleep 2; done`

kisha ongeza sekunde kadhaa, ndipo uandike. Na usipime kwa logi. Fungua teminali dakika tano baada ya simu kuwaka, andika `cat /proc/sys/vm/swappiness`, utazame namba iliyopo. Ile ndiyo hali ya simu, mengine ni simulizi.

Kuna pia mistari inayoandikia kisichokuwepo. Karibu kila skripti ya zamani ina mstari wa /sys/module/lowmemorykiller/parameters/minfree wenye namba sita, tuseme 18432,23040,27648,32256,55296,80640. Hizo si megabaiti. Ni kurasa za kilobaiti 4, kwa hiyo ya kwanza ni megabaiti 72 na ya mwisho 315, jambo ambalo wanaozinakili kutoka simu moja hadi nyingine hawajali sana. Tatizo kubwa ni kwamba dereva wa lowmemorykiller uliondolewa kwenye kerneli kuu ya Linux katika toleo 4.12, mwaka 2017, na kazi ya kuua programu kumbukumbu inapobana ikahamia kwa lmkd, ambayo ni huduma ya Android nje ya kerneli. Simu mpya haina faili hilo. Sheli inalalamika kwa mstari mmoja ambao hakuna anayeuona, inasonga mbele. Ndivyo ilivyo pia kwa gavana "interactive" kwenye simu ambayo kerneli yake inatumia gavana mwingine, schedutil, na kwa "cfq", kipanga foleni cha hifadhi kilichoondolewa Linux 5.0. Na ukiona /sys/block/mmcblk0 kwenye simu ambayo hifadhi yake ni ya aina ya UFS, jua mwandishi alikuwa na simu nyingine mkononi, maana huko majina ni sda, sdb na kuendelea.

Swappiness, namba inayoiambia kerneli ipende kiasi gani kuhamishia kurasa za kumbukumbu kwenye swapu (nafasi ya akiba), inahitaji neno la ziada, kwa sababu hapo ushauri wenyewe umegeuka. "Ishushe iwe 10" ulikuwa ushauri wa watu ambao swapu yao ilikuwa kwenye diski au kadi ya kumbukumbu, ambako kila kuhamisha kunagharimu muda. Simu za bei ya kawaida zenye RAM ndogo hutumia zRAM: kurasa hubanwa na kubaki humohumo ndani ya RAM. Hapo ukiishusha swappiness unaizuia kerneli kubana kurasa zisizotumika, inalazimika kutupa kurasa za mafaili na kuzisoma upya kutoka hifadhini, na programu zilizo nyuma zinauawa mapema. Wengi wa watengenezaji huiweka 100 kwa makusudi. Mwenye simu anaona namba kubwa, anadhani ni uzembe wa kiwanda.

Madogo yapo, nayataja upesi. Skripti isiyo na ruhusa ya kuendeshwa haiendeshwi, kwa hiyo `chmod 755`. Iliyohaririwa kwenye Windows huwa na herufi ya ziada isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, na sheli hudai haioni faili ambalo unaliona kwa macho yako. Iliyotegemea kitu kilicho kwenye /sdcard haitakikuta kabla hujaingiza namba ya siri, kwa sababu hifadhi hiyo bado imefungwa kwa usimbaji. Na pasipo na jibu lingine, usikimbilie `setenforce 0`. Amri hiyo huzima SELinux, ulinzi wa Android unaoamua nani aguse nini, na kuuzima kwa ajili ya kuandika namba moja ni kubomoa ukuta ili kupitisha kijiko. Weka `exec 2>/data/local/tmp/skripti.log` na `set -x` mstari wa pili na wa tatu, usome kilichokataliwa. Simu ikiganda kwenye nembo kwa sababu ya moduli ya Magisk, iwashe kwa hali salama, Magisk itazizima moduli zote.

Na ule wepesi unaohisiwa baada ya kuweka skripti? Mara nyingi ni wepesi wa kuwasha upya. RAM imesafishwa, programu za nyuma hazijarudi. Iwashe upya bila skripti, ulinganishe.

Kwa hiyo mtu akikuambia simu yake haisapoti init.d, hajakosea sana, amesema tu jambo ambalo ni kweli kwa karibu kila simu kana kwamba ni kasoro ya simu yake. Mwelekeze kwenye /data/adb/service.d, mwombe alete jibu la `cat` badala ya jina la skripti, na mistari ya minfree aifute kabla ya kuuliza tena.