Babu Alifia Burma: Jinsi ya Kuusoma Mstari Mmoja wa Rekodi

Swali ninaloletewa mara nyingi hapa Kisumu ni hili: "Babu yetu alienda Keya, akafia Burma. Kaburi lake liko wapi?" Keya ndiyo King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, lililopigana na Wajapani huko Burma (Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili vya Dunia. Wanaouliza wanatoka Alego, Seme, Maragoli, Butere, wengine Nakuru ambako wazazi wao walihamia kutafuta kazi za mashamba. Huja na jina, pengine na medali, na hadithi iliyopita midomo mingi. Mimi huwaambia kaburi tuliache kwanza. Tutafute vitu viwili: batalioni na tarehe ya kufa. Ukishavipata, safari yote ya askari huyo huanza kujipanga yenyewe, na habari ya kaburi hufuata.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina rejista yake mtandaoni, na haitozi kitu. Kila marehemu ana mstari wake: jina, namba ya jeshi, cheo, kikosi, tarehe, na mahali alipozikwa au anapokumbukwa. Baadhi ya askari wa King's African Rifles wameongezewa jina la baba, la mke na la kwao, na hapo ndipo wajukuu wanapopotea. Wanatafuta Siaya, wanatafuta Vihiga, hawaoni kitu. Wilaya za wakati ule zilikuwa Kavirondo ya Kaskazini, makao yake Kakamega. Kavirondo ya Kati, makao yake Kisumu. Na Kavirondo ya Kusini, makao yake Kisii.

Majina nayo yana vituko vyake. Karani aliandika alichosikia. Ochieng' anaweza kuwa Ochiengi au Ojeng, Barasa akawa Balasa, na jina la ubatizo likakosekana kabisa. Kwa hiyo usitafute jina zima. Andika herufi tatu nne za mwanzo, chuja kwa kikosi, kisha pitia orodha yote kwa macho yako. Kazi hiyo inachosha, lakini sijapata njia ya mkato.

Sasa tarehe. Ukiona 12 Februari 1944, simama hapo hapo. Siku hiyo meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Haikuchukua hata dakika tatu kuzama. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao Burma hawakuiona kabisa, ingawa nyumbani kila mtu husema walifia huko, na hakuna aliyedanganya: vita vya Burma ndivyo walivyokuwa wakiviendea. Majina yao yako Nairobi, kwenye mnara wa kumbukumbu ulio ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road. Familia inaweza kupanda basi asubuhi na kuligusa jina hilo kabla jua halijazama, nayo imekaa miaka yote ikidhani liko ng'ambo.

Kwa askari wa miguu, batalioni ndiyo ramani. Chukua batalioni ya 11, ile ya Kenya, iliyokuwa katika Brigedi ya 25 ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni ilifanya mazoezi Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na kufikia Agosti 1944 ilikuwa Tamu, mpakani mwa India na Burma, ikiwafuata Wajapani waliorudi nyuma baada ya kushindwa Imphal na Kohima. Ulikuwa msimu wa mvua. Malori yalizama kwenye matope, chakula kikaangushwa kwa ndege. Brigedi ya 25 ilielekea mashariki, ikafika Sittaung kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Septemba, kisha ikashuka kusini hadi Mawlaik, iliyotekwa Novemba. Brigedi ya 26 ilipita bonde la Kabaw kwenda Kalemyo. Kalewa ilitekwa tarehe 2 Desemba, na wahandisi wakatandika daraja la Bailey, la vyuma vya kuunganisha, lenye futi 1,154 juu ya Chindwin. Mwanzoni mwa 1945 divisheni ilikuwa imetolewa mstari wa mbele.

Iweke tarehe ya babu juu ya safari hiyo. Askari wa batalioni ya 11 aliyekufa Oktoba 1944 alikuwa kwenye eneo la Chindwin au njia za kuelekea huko. Aliyekufa Machi 1945 hakuuawa Mawlaik, hata kama hadithi ya nyumbani inasema hivyo. Huyo tafuta ugonjwa au ajali. Na ugonjwa usiudharau. Kabaw ilijulikana kwa malaria na kwa homa ya taifasi inayoenezwa na utitiri, na askari walinyweshwa kila siku vidonge vya mepakrini, dawa ya malaria, vilivyotia mwili umanjano. Wajukuu wengi hutaka risasi. Kwangu mimi, aliyekufa kwa homa kwenye machela alikufa vitani sawasawa na mwenzake.

Kisha tazama mahali. Kaburi likiwa Imphal au Ranchi, ndani ya India, mara nyingi maana yake ni kwamba alifikishwa hospitali akiwa hai. Likiwa Taukkyan, nje ya Yangon (Rangoon ya zamani), huenda alizikwa kwanza mahali pengine akahamishwa baada ya vita. Na ikiandikwa Rangoon Memorial, hana kaburi linalojulikana. Mnara huo uko hapo hapo Taukkyan na una majina karibu 27,000.

Ilikuwaje mtu azikwe na wenzake kisha apotee? Askari wa jeshi la Uingereza alivaa shingoni visahani viwili vyenye jina na namba yake: kimoja chekundu cha duara, kingine cha kijani cha pembe nane. Akifa, chekundu kilikatwa kikapelekwa ofisini, cha kijani kikabaki naye kaburini. Havikuwa vya chuma, vilikuwa vya nyuzi zilizoshindiliwa, na udongo wenye maji uliviozesha. Juu ya kaburi palisimama mti wenye jina. Msimu mmoja wa mvua ulitosha kuung'oa. Timu zilizokuja baadaye kukusanya mabaki zilikuta mifupa isiyo na jina, au hazikukuta kitu.

Maandishi ya mnara wa Rangoon yanasema, kwa maneno yao, kwamba bahati ya vita iliwanyima hao taratibu za mazishi walizopata wenzao. Sentensi hiyo hunikera kidogo kila ninapoisoma, kwa sababu huku kwetu taratibu zilifanyika. Kwa Wajaluo, mwili usipopatikana, tunda la yago huzikwa mahali pake, na maombolezo yakaendelea kama kawaida. Kwa hiyo huwauliza wazee kwanza: yago lilizikwa? Kama lilizikwa, babu ana kaburi, liko bomani, na mambo ya kutaka kuleta udongo kutoka Burma yajadiliwe na wazee wenyewe, si na mimi.

Kama babu yako alikwenda vita vya kwanza, vya 1914 hadi 1918, hesabu ni ngumu zaidi, hasa kama alikuwa mpagazi wa Carrier Corps. Maelfu kwa maelfu hawakuandikwa popote kwa majina. Tume yenyewe ilikiri jambo hilo katika ripoti yake ya Aprili 2021.

Ukiukuta mstari wa babu una kosa, la jina au la kijiji, Tume hupokea maombi ya marekebisho yenye ushahidi. Ushahidi ni karatasi. Habari za vifo zilipitia kwa DC, mkuu wa wilaya, zikamfikia chifu, na nyumba nyingine bado zina barua hizo kwenye sanduku la nyanya. Zipigeni picha pande zote mbili, mihuri ionekane, kabla mchwa hawajazimaliza.