Kusaka vikasha msituni: yasemwayo na yalivyo

Jiokashingi ni mchezo wa kusaka vikasha vilivyofichwa na wachezaji wengine, ukiongozwa na namba za latitudo na longitudo kwenye simu au kifaa cha GPS. Hapa Pennsylvania, Marekani, njia za miguu kwenye misitu ya hifadhi za jimbo zinaufaa sana mchezo huu. Nimewapeleka wageni kadhaa, na karibu wote huja na dhana zilezile.

"Simu itanifikisha hadi kwenye kikasha."

Hii ndiyo inayowavunja watu moyo. Penye anga wazi, simu hukosea kwa takriban mita 5. Ukiingia chini ya mihemloki, miti mirefu yenye majani kama sindano, matawi hudhoofisha mawimbi ya setilaiti, mengine hugonga miamba kwanza ndipo yakufikie, na kosa huzidi. Aliyeficha naye alipima chini ya miti hiyohiyo, kwa hiyo kosa lake linaweza kuongezeka juu ya lako. Ndiyo maana mshale hukupeleka kushoto, ukipiga hatua mbili unageuka kulia.

Mimi huwaambia: zikibaki mita kumi, tia simu mfukoni, utumie macho. Oktoba iliyopita tulizunguka karibu nusu saa, mpaka binti wa miaka tisa tuliyekuwa naye akaona vijiti sita vimelala sambamba kwenye tundu la kisiki. Matawi yakianguka yenyewe hayalali hivyo. Nyuma yake palikuwa na kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na ndani yake daftari dogo kwenye mfuko wa nailoni, kalamu ya risasi na gololi mbili.

"Kuna hazina ndani."

Kilicho muhimu ni daftari. Unaandika jina lako la mchezo na tarehe, unafunga vizuri, unarudisha palepale. Ukichukua gololi, acha kitu cha thamani hiyo au zaidi.

"Lazima uchimbe."

Hapana, kufukia kikasha kumekatazwa. Dhana hii ina asili yake, maana ndoo iliyokuwa kikasha cha kwanza kabisa ilifukiwa nusu. Dave Ulmer, mwanzilishi wa mchezo huu, aliiweka karibu na Beavercreek, Oregon, tarehe 3 Mei 2000, mara tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Ndani alitia hata kopo la maharage! Siku hizi chakula nacho hakiruhusiwi, kwa sababu harufu huwaita rakuni na dubu, nao hutafuna kila kitu.

"Hifadhi ni ya umma, naficha ninapotaka."

Kwenye hifadhi za jimbo la Pennsylvania unahitaji kibali cha uongozi wa hifadhi, nami naunga mkono kabisa. Kikasha kimoja huvuta miguu ya watu wengi mahali pamoja. Nimeona kijia kipya kikizaliwa kati ya njia kuu na mti mmoja, kangaga zimelazwa na mizizi imebaki wazi. Anayeijua hifadhi yake ndiye anayejua mahali pasipofaa kukanyagwa.

"Kupe ni wa kiangazi tu."

Kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, unaosababishwa na bakteria, huwa hai hata majira ya vuli. Chomekea suruali kwenye soksi, na ukifika nyumbani jikague mwili mzima. Yule binti aliyeona vijiti tulimkuta na kupe nyuma ya goti jioni ileile, tukamtoa kwa kibano kabla hajashiba.